Askari Asiye na Jina: Ukumbusho, Kumbukumbu na Kiswahili cha Vita vya 1914–1918

1.0 Sanamu na ahadi yake

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, amesimama askari wa shaba. Bunduki yake imetiwa singe, na ncha ya singe hiyo imeelekea bandarini. Sanamu hiyo ilichongwa na James Alexander Stevenson, ikasubiwa Uingereza, na kuzinduliwa mwaka 1927. Kwenye kitako chake pana maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza. Matini ya Kiingereza ilitungwa na Rudyard Kipling. Inaeleza kwamba ukumbusho huo umewekwa kwa ajili ya askari Waafrika waliopigana, wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na watu wengine wote waliotumika na kufa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya 1914–1918. Mwishoni inatoa ahadi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Anayelizunguka jiwe hilo pande zote hakuti jina la askari hata mmoja. Ukumbusho unaahidi kwamba jina litakumbukwa, lakini wenyewe haulitaji. Jambo hilo linaweza kuelezwa kirahisi kwa kusema kwamba waliokufa walikuwa wengi mno na kwamba jiwe ni dogo. Maelezo hayo hayatoshi. Kule Ulaya, kwa vita hivyohivyo, zilijengwa kuta ndefu zilizochongwa makumi ya maelfu ya majina. Ukubwa wa jiwe haukuwa kikwazo pale ambapo majina yalitakiwa.

Mhadhara huu unadai kwamba suala la kumkumbuka askari Mwafrika aliyekufa katika vita vile ni suala la jina, na kwamba suala la jina, kabla halijawa la mawe na fedha, ni la lugha: nani aliliita jina hilo, nani aliliandika, kwa tahajia gani, na nani alikuwa na haki ya kulisoma kwa sauti. Kwa hiyo wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo ambalo kwa muda mrefu limeachwa mikononi mwa wanahistoria wa vita na watunza makaburi.

2.0 Askari alikuwa nani

Neno askari lina asili ya Kiarabu, na lilikuwa limekwisha kuzoeleka pwani kabla ya utawala wa Wajerumani. Maana yake ya kikoloni ilianza kujengeka mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa kuvunja upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Jeshi la Wissmann liliundwa hasa na Wasudani waliokusanywa Misri na watu waliochukuliwa Msumbiji. Mwaka 1891 likafanywa jeshi rasmi la koloni. Kadiri miaka ilivyopita waliandikishwa Wanyamwezi, Wasukuma na watu wa makabila mengine ya bara. Watu hao walitoka mbali na hawakuwa na lugha moja ya mama. Kilichowaunganisha katika amri, katika kambi na katika ugomvi wao wa kila siku kilikuwa Kiswahili.

Upande wa Waingereza, jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902. Kinywa cha Kiswahili kililifupisha jina hilo refu kutokana na herufi zake tatu za mwanzo, likawa Keya. Huko nako Kiswahili kilitumika, tena kwa namna yake, sahili katika upatanisho wa kisarufi na yenye maneno mengi ya gwaride, namna ambayo wanaisimu wameichunguza kwa jina la Kikeya. Mwaka 1914 Keya ilikuwa na batalioni 3. Vita vilipokwisha ilikuwa na batalioni 22.

Vita vilianza Agosti 1914. Katika Afrika Mashariki vilimalizika tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Wakati huo zilikuwa zimepita wiki mbili tangu bunduki zinyamaze Ulaya. Katika miaka hiyo minne askari wa pande mbili walipigana wakielewana lugha. Aliyekuwa akipiga kelele ya maumivu upande mmoja alisikika na kufahamika upande wa pili. Zaidi ya hayo, mtu mmoja aliweza kuwa askari wa pande zote mbili. Batalioni ya 6 ya Keya iliundwa mwaka 1917, na sehemu kubwa ya askari wake walikuwa wametumikia Wajerumani kabla ya kutekwa.

Pamoja na askari walikwenda wapagazi, nao ndio waliokufa kwa wingi zaidi. Sababu yake ni ya kijiografia na ya kitabibu. Reli zilikuwa chache, na ndorobo waliwaua farasi, ng'ombe na punda waliotarajiwa kubeba mizigo. Ilibaki kichwa cha binadamu. Jeshi la Waingereza pekee liliandikisha, kwa hiari na kwa nguvu, wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Zaidi ya 95,000 walikufa. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea au ambacho hakikuiva. Upande wa Wajerumani nao walikufa wapagazi wengi, na huko haikuwekwa hesabu ya kuaminika.

3.0 Jina na daftari

Mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, Waingereza walianzisha tume ya kifalme ya makaburi ya vita. Tume hiyo ilijiwekea kanuni iliyokuwa mpya katika historia ya majeshi: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, pasipo kubagua cheo, rangi wala dini. Kabla ya hapo, jenerali alipata sanamu na askari wa kawaida alipata shimo la pamoja. Kanuni hiyo mpya ilikuwa ya haki, na mahali ilipotekelezwa matokeo yake yanaonekana hadi leo.

Mmoja wa washauri wa tume hiyo alikuwa Kipling mwenyewe. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, Septemba 1915, akiwa na umri wa miaka 18. Baba alimtafuta kwa miaka mingi, na hadi kufa kwake mwaka 1936 hakuonyeshwa kaburi. Hata hivyo, ukuta wa ukumbusho ulipofunguliwa Loos mwaka 1930, jina la John Kipling lilikuwa limechongwa humo. Mwili wa kijana huyo ulikuwa umepotea, na jina lake likahifadhiwa. Mzazi huyo aliyejua uchungu wa kukosa kaburi ndiye aliyetunga maneno ya Dar es Salaam. Hakuna haja ya kumshuku kwamba hakuamini ahadi aliyoiandika. La kuzingatia ni kwamba katika Loos ahadi ya jina ilitekelezwa kwa patasi, na katika Dar es Salaam iliachiwa watoto wa marehemu.

Katika Afrika Mashariki kanuni ya usawa haikutekelezwa. Katika makaburi ya Taveta, Voi, Moshi na kwingineko, Wazungu walipata mawe yenye majina. Kwa askari na wapagazi Waafrika, maofisa wa tume na wa serikali za kikoloni walikubaliana, katika miaka ya mwanzo ya 1920, kwamba ukumbusho wa jumla utatosha. Maeneo mengi waliyozikwa yaliachwa yarudie msitu. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Mwafrika hajafikia hatua ya kuthamini kaburi la mtu mmojammoja. Aprili 2021 tume hiyo, baada ya kuundiwa kamati maalumu ya uchunguzi, ilikiri kosa hilo na kuomba radhi. Taarifa ya kamati ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 wa makoloni, hasa wa Afrika na Asia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Aidha ilikadiria kwamba wengine wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya kundi hili la pili ni watu waliotumika Afrika Mashariki na Misri.

Hapa ndipo uchambuzi wa lugha unapoanza kuwa na faida. Mtu wa namna hii huitwa kwa Kiswahili askari asiyejulikana. Kitenzi julikana kiko katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo ina tabia ya kumficha mtenda. Haisemi ni nani asiyejua. Askari asiyejulikana aliyezikwa London mwaka 1920 hakujulikana kwa sababu mwili wake haukuweza kutambuliwa na yeyote. Askari aliyefia Mahiwa au mpagazi aliyeanguka kando ya Rufiji hakuwa katika hali hiyo. Mama yake alimjua. Mwenzake wa hema alimjua kwa jina, kwa ukoo na kwa utani. Mara nyingi alikuwa na namba, na alikuwa katika orodha ya posho au ya mishahara. Aliyekuwa hamjui ni mwenye daftari la ukumbusho. Kumwita "asiyejulikana" ni kukubali, bila kutambua, kwamba ujuzi wa mama si ujuzi.

Kukosekana kwa jina hakukuwa jambo la heshima tu. Kulikuwa na matokeo ya kifedha. Mshahara wa mpagazi aliyekufa ulipaswa kulipwa kwa warithi wake. Ili mrithi apatikane, sharti marehemu atambuliwe kwa jina, jina la baba, kijiji na mtemi au chifu wake. Pale ambapo karani alikuwa ameandika jina nusu, au ameliandika kwa namna isiyosomeka kijijini, mrithi hakupatikana. Fedha hizo zikabaki mikononi mwa serikali, na mabishano juu yake yaliendelea kwa miaka mingi baada ya vita. Kosa la tahajia liliweza kumnyima mjane haki yake. Wanaofundisha tahajia kama somo kavu la kanuni wangefaidika kulikumbuka jambo hili.

4.0 Kilichobaki katika lugha

Ikiwa jiwe halikuhifadhi majina, lugha ilihifadhi nini? Mfano unaojulikana zaidi ni Kariakoo. Baada ya Waingereza kuingia Dar es Salaam Septemba 1916, kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, iliwekwa katika eneo hilo. Jina la kikosi likatamkwa Kiswahili, likashika mahali, na sasa ni jina la soko linalojulikana Afrika Mashariki nzima. Nairobi nayo ina mtaa wenye jina la asili hiyohiyo. Mamilioni ya watu hulitamka jina la kikosi cha wapagazi kila wiki wanapokwenda kununua nguo, simu au nazi. Pengine hakuna ukumbusho wa Vita Kuu unaotajwa mara nyingi zaidi ya huo popote duniani. Hata hivyo, anayeutaja kwa kawaida hajui kwamba ametaja wafu.

Mfano wa pili ni hela. Ni neno la Kijerumani, Heller, lililokuwa jina la sarafu ndogo iliyoanza kutumika katika koloni mwaka 1904, hela 100 zikiwa sawa na rupia moja. Sarafu yenyewe ilikwisha kutoweka, lakini jina lake limekuwa neno la kawaida la fedha. Askari na wapagazi wengi hawakulipwa hela zao, na neno la kuzidai likabaki.

Yapo pia maneno ya kambini. Kuruta, koplo, sajini na gwaride yametoka katika Kiingereza, na singe ikatoka katika lugha za Bara Hindi. Maneno hayo yalisambaa barani kwa miguu ya askari na wapagazi. Ngoma ya beni nayo ilisafiri kwa njia hiyo. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha jinsi vyama vya Marini na Arinoti, vilivyoanzia pwani vikiwa na vyeo vya kuigiza na magwaride ya mashindano, vilivyoenea bara wakati wa vita na baada yake. Wanachama wake walisaidiana katika ugonjwa na maziko. Kwa hiyo mtu aliyekosa kaburi la serikali aliweza kuwa na chama cha kumwombolezea.

Utanzu mwingine unaohusika ni utenzi wa vita. Kabla ya 1914 Kiswahili kilikuwa tayari na tungo za kuhifadhi habari za mapambano ya wakati huo. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga juu ya Maji Maji. Katika utanzu huu majina ya watu hutajwa kwa sababu bila majina hakuna ushahidi. Baadaye Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939–1945, ukachapishwa mwaka 1967 yeye akiwa amekwisha kufariki. Fasihi ya Kiswahili haikungoja kufundishwa na mtu wa nje kwamba aliyekufa vitani hutajwa.

Ni muhimu hapa kutenganisha maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Ukumbusho hutokana na kitenzi kumbusha, chenye kauli ya kutendesha. Kuna anayemfanya mwingine akumbuke. Kumbukumbu hutokana na kumbuka, tendo la mwenye kukumbuka mwenyewe, na uradidi wake wenyewe unaashiria kurudiarudia. Sanamu ya mwaka 1927 ni ukumbusho: serikali iliwakumbusha raia. Khitma inayosomwa nyumbani, jina la babu anayepewa mjukuu, na hadithi ya jioni kuhusu mtu aliyekwenda Keya asirudi ni kumbukumbu. Ukumbusho unaweza kudumu bila jina. Kumbukumbu haiwezi, maana mtoto hapewi jina la batalioni.

Kwa hiyo madai kwamba lugha ilihifadhi kile ambacho jiwe halikuhifadhi ni kweli kwa sehemu tu. Lugha ya umma, katika maneno kama Kariakoo, Keya na hela, ilihifadhi makundi. Ilifanya jambo lilelile lililofanywa na sanamu. Majina yalibaki katika lugha ya nyumbani, na lugha ya nyumbani hufa na wasemaji wake. Hatari iko hapo.

5.0 Jina moja lililopatikana

Ili kuona gharama ya kulipata jina moja, yafaa kumtazama mtu mmoja ambaye maisha yake yanajulikana vizuri. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani mwenye cheo cha efendi. Vita vilipoanza, mtoto huyo wa miaka kumi naye aliingia katika jeshi la Wajerumani. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, karibu na Lindi, moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki, kisha akatekwa na Waingereza.

Baada ya vita alifanya kazi ya kuhudumia melini. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa jeshi ambao haukulipwa, wake mwenyewe na wa baba yake. Wizara ya mambo ya nje ilimjibu kwamba muda wa madai umepita. Akabaki Ujerumani, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Mwaka 1933 alioa mwanamke Mjerumani. Mwaka 1934 aliomba nishani iliyokuwa ikitolewa kwa waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Alifanya kazi ya mezani hotelini, akaigiza nafasi ndogondogo katika filamu zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa za kuwatukuza Wajerumani barani Afrika. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, uhusiano ambao utawala wa Hitler uliuona kuwa kosa la kuchafua damu. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna jambo jingine katika maisha yake. Katika miaka ya 1930 hadi kukamatwa kwake alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Wanafunzi walijifunza matamshi kutoka kinywani mwake. Alikuwa katika mlolongo mmoja na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, aliyefundisha Berlin tangu mwaka 1900. Maprofesa walioongoza masomo hayo wamo katika historia ya taaluma. Wasaidizi wao kwa muda mrefu walibaki nje ya historia hiyo, ingawa ndio waliokuwa wenye lugha.

Mwaka 2007 mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka huohuo likawekwa jiwe dogo lenye jina lake mbele ya nyumba aliyoishi Berlin. Mwaka 2013 Eva Knopf alitoa filamu juu yake. Jina lake lilipatikana kwa sababu aliandika. Maombi yake ya mshahara na ya nishani, yale yaliyokataliwa, ndiyo yaliyomhifadhi katika majalada. Wenzake ambao hawakuweza kusafiri hadi Berlin na kugonga mlango wa wizara hawakuacha jalada. Tena, jina lenyewe lilihitaji kazi ya lugha: Mahjub, Bayume, Mohamed Husen. Mtafiti asiyejua jinsi Mwislamu wa pwani anavyopewa jina, linavyofuatana na la baba, na linavyobadilika anapofika ugenini, angeweza kudhani kwamba hao ni watu watatu.

6.0 Nchi ya nani?

Kuna pingamizi zito linalopaswa kukabiliwa. Askari hawa walikuwa vyombo vya ukoloni. Waliovunja upinzani wa Abushiri, waliopigana na Mkwawa, na waliochoma vijiji na mashamba wakati wa Maji Maji ya 1905–1907 walikuwa askari, na makamanda wao walikuwa wachache. Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya Wissmann, na chini ya miguu ya Wissmann walimweka askari. Sanamu hiyo ilichukuliwa na Waingereza baada ya vita, ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa karibu na Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Je, si sawa askari naye aanguke na bwana wake?

Jibu linategemea maana ya kukumbuka. Ikiwa kukumbuka ni kusifu, basi askari wengi wa kikoloni hawastahili, na maneno "nchi yake" katika ahadi ya mwaka 1927 yanakuwa kejeli. Askari aliyetekwa Lindi na kuvikwa sare ya Keya alikuwa akiipigania nchi gani? Mpagazi aliyeburutwa kutoka shambani, akafungwa kamba na wenzake, hakuwa amechagua upande. Methali husema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hiyo ni kweli, lakini nayo ina upungufu wake, kwa kuwa nyasi hazina majina. Inamhurumia mwananchi kwa kumfanya asiwe mtu.

Lakini kukumbuka si lazima kuwe kusifu. Katika desturi za maziko za Waswahili na za majirani zao, marehemu hutajwa kwa jina hata kama maisha yake yalikuwa na lawama. Hesabu ya matendo yake ni jambo jingine, na huwezi kumfanyia hesabu mtu asiye na jina. Anayetaka kumlaumu askari wa 1905 kwa kijiji alichokichoma anahitaji jina lake sawasawa na anayetaka kumlilia askari wa 1917. Kumfuta hakumwadhibu mtu yeyote. Kunamwondolea lawama aliyemtuma.

Ushahidi kwamba inawezekana kufanya tofauti upo karibu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama katika muda usiozidi dakika mbili hivi. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo walikufa 1,297, wengi wao wakiwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Miili yao ilibaki baharini. Hata hivyo karibu 500 kati ya waliozama wametajwa kwa majina katika Ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi. Hao pia walikufa chini ya bendera ya kikoloni, wala hawana makaburi. Tofauti yao na wale wa 1914–1918 ni kwamba safari hii kulikuwa na nia ya kuchonga majina.

7.0 Kazi iliyo mbele ya wataalamu wa Kiswahili

John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza hali za wafu. Kwa maelezo yake, marehemu hubaki katika sasa maadamu yuko mtu aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akifa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika zamani. Wanazuoni wamebishana juu ya nadharia hiyo, hasa kuhusu dhana ya wakati. Lakini kwa askari wa 1914–1918 inaeleza hali halisi kwa usahihi wa kutisha. Waliowajua kwa nyuso wamekwisha. Wanaojua majina yao kwa kusimuliwa na babu zao ni wazee, na kila mwaka wanapungua.

Tangu 2021 tume ya makaburi ya vita imekuwa ikitafuta majina katika nyaraka za Kenya na za nchi jirani. Kazi hiyo haiwezi kukamilika bila Kiswahili, kwa sababu tatu.

Kwanza, tahajia. Nyaraka za Kijerumani ziliandika Muansa kwa Mwanza na Bagamojo kwa Bagamoyo. Majina ya watu yalipitia chekecheo hilohilo, na makarani wa Kiingereza walikuwa na lao. Mtu mmoja aliyetekwa na kuandikishwa upya aliweza kuingia katika madaftari mawili kwa sura mbili, au watu wawili wakaonekana mmoja. Kurudisha jina katika umbo lake kunahitaji mtu anayejua fonolojia ya Kiswahili na ya lugha za bara, na anayejua pia jinsi sikio la Mjerumani na la Mwingereza lilivyosikia.

Pili, mfumo wa majina. Majina kama Juma, Hamisi na Mabruki yako kwa maelfu. Kinachomtofautisha mtu ni jina la baba, la ukoo, la mahali, au la utani alilopewa kambini. Orodha inayohifadhi jina la kwanza peke yake haijamtambulisha mtu. Anayezichambua hana budi kujua ni kipashio gani cha jina kinabeba utambulisho katika jamii ipi.

Tatu, masimulizi. Katika nyumba za Lindi, Songea, Tabora, Kisumu na Machakos bado zipo habari za babu aliyekwenda vitani asirudi. Idara za Kiswahili hupeleka wanafunzi uwandani kila mwaka kukusanya methali, vitendawili na nyimbo. Katika hojaji zao panaweza kuongezwa swali moja: katika ukoo huu, ni nani alikwenda vita vya Mjerumani asirudi, na jina lake lote lilikuwa nani? Swali hilo halihitaji bajeti mpya. Linahitaji kuulizwa kabla anayejua jibu hajazikwa, na jibu lake liandikwe kama mwenye ukoo anavyolitamka.

Ahadi ya Barabara ya Samora iliandikwa kwa wakati ujao: watoto watalikumbuka jina. Waliowekwa mdhamana wa ahadi hiyo hawakuulizwa, wala hawakupewa orodha. Hata hivyo, wengi wao waliitimiza majumbani mwao kwa karibu miaka mia moja, kwa mdomo na pasipo msaada wa yeyote. Kilichobaki ni majina hayo kuandikwa.